Mistari Miwili ya Mwalimu wa Darasa

Ripoti ya mwanafunzi wa sekondari hapa Tanzania ina mpangilio ambao karibu kila mzazi anaujua. Juu kuna jina la halmashauri na la shule, sanduku la posta, jina la mwanafunzi, kidato na mkondo. Katikati kuna jedwali: somo, alama, daraja, nafasi, sahihi ya mwalimu wa somo. Halafu jumla, wastani na nafasi ya darasani. Halafu orodha ya tabia. Halafu tarehe ya kufungua shule na mahitaji ya kuja nayo: fagio la chelewa, rimu ya karatasi, pengine jembe. Na mahali fulani kati ya tabia na fagio, kuna mistari miwili ya nukta iliyoachwa kwa ajili ya maoni ya mwalimu wa darasa.

Nataka kuwasifu wanaojua kuijaza mistari hiyo. Ni wachache kuliko tunavyohitaji, lakini wapo, na kazi yao husomwa kwa sekunde chache kisha hukunjwa na kuwekwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Shule husifiwa kwa wingi wa divisheni wani. Mwalimu wa somo husifiwa somo lake likipasua. Sijawahi kusikia mtu akimsifu mwalimu kwa maoni aliyoandika kwenye ripoti, wakati mimi naona kwamba hapo ndipo shule inapozungumza na nyumba ya mtoto kwa mdomo wake yenyewe.

Mtu akitaka kuona ugumu wa kazi hiyo, aanze na jedwali lililo juu yake. Alama za sekondari hupangwa hivi: A kuanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Mzazi akiona C muhula wa kwanza na C tena muhula wa pili, anasema mtoto kasimama palepale. Lakini C ni pana, imebeba alama ishirini. Binti aliyetoka 46 akafika 63 amepanda alama 17 na herufi haijasogea. Mwenzake wa dawati moja aliyetoka 44 akapata 45 amepanda alama moja tu, na kwao wanachinja kuku kwa sababu D imegeuka C. Kwenye F mambo ni magumu zaidi, maana F inaanzia sifuri na kuishia 29. Mtoto anaweza kutoka 8 ya Hisabati akafika 28, kwa kukaa na daftari kila jioni muhula mzima, na mwisho wa yote jedwali likamwambia baba yake neno lilelile lililomwambia mwezi Juni.

Kuna na mtego wa mwaka wa kwanza. Shule za msingi zimezoea kutahini kwa alama 50, ambapo 41 na kuendelea ni A, na 31 hadi 40 ni B. Mtoto aliyekuwa akileta 40 nyumbani darasa la saba alikuwa anabakiza alama moja tu kuifikia A. Akiingia Kidato cha Kwanza akaleta 40 ileile, sasa ni 40 kati ya 100, na pembeni yake imeandikwa D. Tarakimu ni ileile na furaha ya zamani bado iko kichwani mwa mama. Nani wa kumweleza? Jedwali haliwezi. Tena mifumo yenyewe haitulii: matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa GPA, na ya mwaka 2015 yakarudi kwenye divisheni, hata wazazi wenye watoto wawili waliofuatana walilazimika kujifunza kusoma matokeo kwa namna mbili ndani ya nyumba moja.

Nafasi ya darasani nayo inapotosha kwa njia yake. Kijana alikuwa wa 18 kwa wastani wa 52. Muhula huu ana wastani wa 57, amekuwa wa 23. Ameongeza maarifa, ila darasa zima limeongeza zaidi yake. Nyumbani nafasi ndiyo inayosomwa kwanza, kwa sababu haihitaji maelezo: juzi 18, leo 23, leta fimbo.

Mwalimu ninayemfikiria ninapoandika haya anafundisha Jiografia katika shule ya kata mkoani Morogoro, na ni mwalimu wa darasa wa Kidato cha Pili. Kwa wiki ya mwisho ya muhula, wenzake wakiwa wamemaliza kujaza alama, yeye ndiyo kwanza anaanza. Anaweka mezani jedwali la alama la muhula huu, nakala za ripoti za muhula uliopita, rejista ya mahudhurio, na daftari la kurasa arobaini ambalo halikutolewa na ofisi yoyote. Kila mwanafunzi ana nusu ukurasa. Humo kuna vijisentensi alivyoviandika tangu shule ilipofunguliwa, vingine akiwa anaita majina asubuhi, vingine akiwa anasubiri daladala. Niliruhusiwa kuvisoma vichache pasipo majina. “Haoni ubao.” “Jumatatu hayupo, mnada.” “Kahamia kwa bibi yake.” “Anamwelewesha mwenzake Fizikia, mwenyewe hajui kama anajua.”

Hicho cha mwisho kilinisimamisha. Yaliyomo katika sentensi ile hayangeweza kupatikana kwenye mtihani wowote. Alama za Fizikia za mtoto yule zilikuwa za kawaida. Mwalimu alikuwa amemwona wakati wa mapumziko, amechuchumaa chini ya mwembe na kijiti, akimchorea mwenziwe mwelekeo wa kani kwenye vumbi. Akaliandika siku hiyohiyo, kwa sababu anajua kwamba mwishoni mwa muhula, akiwa na majina sitini na kitu mbele yake, kumbukumbu itamletea wanafunzi kumi tu: watano wanaong’ara na watano wanaosumbua. Wale hamsini wa katikati wasingepata chochote. Daftari ni lao.

Kisha anasoma, na namna yake ya kusoma ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Mwalimu wa somo huangalia safu yake kutoka juu kwenda chini: nani kapata, nani kakosa. Mwalimu wa taaluma huangalia wastani wa darasa. Yeye anaupitia mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, masomo yote ya mtoto mmoja, halafu anarudi kwenye rejista. Mwaka wa masomo una siku 194, na muhula ni karibu nusu yake. Akikuta mtoto amekosa siku nyingi, hahesabu tu ngapi, anaangalia zipi. Mtoto anayekosa Jumatatu baada ya Jumatatu anakosa vipindi vilevile kila wiki. Ratiba ya ukutani inamwambia ni vipi. Na mara nyingi, akirudisha kidole kwenye alama, anakuta masomo mawili yaliyoanguka ndiyo yale yanayofundishwa Jumatatu asubuhi. Hapo sasa ana jambo la kumwambia mzazi, na jambo lenyewe si uvivu wa mtoto.

Anaandika kwanza kwenye karatasi chakavu. Kwa mtoto wa Jumatatu aliandika: “Alikosa Jumatatu 14. Amefeli Kemia na Uraia, vipindi vya Jumatatu. Naomba mnada aende mwingine.” Kwa yule wa Hisabati: “Ametoka 8 akafika 28. Bado ni F, ila anakuja. Aachiwe jioni zake.” Kwa kijana wa nafasi ya 23: “Wastani umepanda kutoka 52 hadi 57. Nafasi imeshuka kwa kuwa darasa lote limepanda. Asiadhibiwe.”

Angalia jinsi kila moja linavyomkabidhi mzazi kazi anayoiweza. Baba mkulima hawezi kumfundisha mwanawe Kemia. Anaweza kumtuma mtu mwingine mnadani. Mama muuza vitumbua hana habari na milinganyo, lakini anaweza kuhamisha zamu ya kuchota maji ili binti apate saa moja kabla giza halijaingia. Mwalimu huyu hujiuliza, kabla ya kuweka kalamu kwenye nukta, nyumba ile ina nini cha kutoa. Pengine ni taa. Pengine ni ukimya. Pengine ni nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, kama kwa yule mwenye “Haoni ubao”, ambaye ripoti yake haikusema lolote juu ya alama: “Naomba apimwe macho kabla ya shule kufunguliwa. Nimemweka dawati la mbele kwa sasa.”

Linganisha na maoni tuliyokulia nayo wengi wetu: “Aongeze bidii.” Sina chuki nayo. Mwalimu mwenye ripoti sabini na usiku mmoja anastahili huruma, na shauri lenyewe si la uongo. Ila ni jembe lisilo na mpini. Mzazi analipokea, analigeuza huku na huku, hajui alishike wapi, mwisho anamgeukia mtoto na kumfokea, kwa kuwa kufoka ndicho kitu pekee kilicho karibu. Mabaya zaidi ni yale ya neno moja, “Dhaifu”, “Mzembe”, ambayo humwambia mtoto kwamba amekwisha kuhukumiwa na hakuna rufaa.

Kuna msomaji mwingine ambaye fundi wa maoni hamsahau. Katika nyumba nyingi, ripoti haisomwi na mzazi. Mzazi yuko mjini anatafuta, au macho ya bibi hayaoni vizuri, au bibi hakusoma. Anayeisoma kwa sauti ni mtoto mwenyewe. Amesimama na karatasi, bibi ameketi kwenye mkeka, na kinachotoka ni kile ambacho mdomo wa mtoto unaweza kukitamka. Maoni yakiwa ya matusi, mtoto atayabadilisha papo hapo. Atasoma kitu kingine kabisa, na bibi atashukuru. Ukweli utakuwa umekufa kati ya karatasi na mkeka. Kwa hiyo mwalimu anatafuta maneno ambayo mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kuyasoma mbele ya watu wake bila kuona haya na bila kushawishika kudanganya, na hapohapo yawe ya kweli. Mwalimu wangu huyasoma kwa sauti ya chini kabla ya kuyahamishia kwenye ripoti. Nilidhani anatafuta makosa ya tahajia. Alikuwa anajaribu kuyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtoto.

Ndiyo maana pia anaandika Kiswahili. Kuanzia Kidato cha Kwanza masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Maswali ya mitihani yake ni ya Kiingereza na majibu ni ya Kiingereza. Ripoti ni mojawapo ya mahali pachache ambapo shule huvua koti hilo na kuketi na familia. Zipo shule zinazoandika ripoti nzima kwa Kiingereza ili zionekane za hadhi. Mimi naona ni hasara. Zimelifunga dirisha lililokuwa wazi.

Sanaa hii ina upande wa kunyamaza, na huenda ndio mgumu zaidi. Mwalimu wa darasa hujua mengi ambayo hayafai kuandikwa. Anajua nani anapigwa nyumbani, nani ana mimba anayoificha, nani analala njaa tangu baba alipoondoka. Ripoti hupita mikononi: kwa mjomba, kwa jirani anayejua kusoma, kwa mjumbe akitakiwa kuthibitisha jambo. Neno likishaandikwa na kupigwa muhuri wa shule halirudi. Katika ripoti za namna hiyo utakuta mstari mmoja mfupi: “Naomba mzazi afike shuleni siku ya kufungua. Si kwa ubaya.” Maneno matatu ya mwisho yamenifundisha kitu kuhusu adabu. Mzazi wa kijijini akiitwa shuleni anajua ni kesi. Usiku kucha hatalala, na mtoto naye hatalala. Mwalimu ameshaliona hilo akaliondolea makali, ndani ya nafasi isiyotosha hata salamu.

Siku ile mzazi anapofika, nimeona jinsi wanavyoanza. “Shikamoo mwalimu,” mama mtu mzima anamwamkia binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, kwa heshima ya cheo, na binti anakataa kuipokea: “Hapana mama, shikamoo wewe.” Mazungumzo ya kweli yanaanza baada ya hapo, nje, kivulini, na hayaandikwi popote.

Juu ya mistari ya maoni kuna orodha ya tabia, nayo ina asili yake. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 iliilaumu shule kwa kumpima mtoto kwa mtihani peke yake, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za kila siku na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pia. Athari yake ungali unaiona kwenye karatasi: bidii ya kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu, kila kimoja na herufi yake. Walimu wengi hushusha A mfululizo kutoka juu hadi chini, na siwalaumu. Ni vigumu kumpa mtoto wa mtu C ya uaminifu. Lakini fundi anazitumia herufi hizo kama sehemu ya sentensi yake. Mtoto mkimya kupita kiasi hupewa A ya utii karibu kila shule. Yeye anampa B, kisha kwenye maoni anaandika kwamba mtoto anaogopa kuuliza. Anatofautisha utii na woga. Sijaona chombo kingine cha upimaji katika elimu yetu kinachoweza kufanya hivyo.

Nchini Kenya wamejaribu kuupa ujuzi huu nafasi kubwa zaidi. Mtaala wa umilisi ulipochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, na mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ripoti ikaanza kusema mtoto amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko chini yake. Mzazi aliyezoea kuuliza mtoto kapata ngapi kati ya 500 amepewa maneno mahali pa tarakimu. Nalipenda wazo hilo. Hata hivyo kiwango kilichoandaliwa mapema na kuwekewa alama ya vema bado ni jedwali, liwe la herufi au la maneno. Linamhitaji mtu wa kuongeza chini yake mambo yanayomhusu mtoto huyu mmoja.

Teknolojia imekuja na neema ambayo sitaibeza. Kujumlisha masomo tisa ya watoto sabini kwa mkono, kugawa, kupanga nafasi, kisha kugundua saa sita za usiku kwamba wawili wamelingana kwenye nafasi ya 5 na kwa hiyo anayefuata ni wa 7 na ripoti zote za chini yake zimekosewa, hiyo ilikuwa kazi ya kuumiza macho tu. Leo Excel inaimaliza mara moja, na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Shida inaanzia pale fomula ileile inapoambiwa iandike na maoni: wastani ukizidi kiasi fulani, “Hongera”, ukipungua, “Aongeze bidii”. Ripoti inatoka safi, imenyooka, na watoto arobaini wana maoni yanayofanana hadi nukta. Usiku aliookoa mwalimu kwenye hesabu ulikuwa utumike hapo hasa.

Ujumbe wa simu nao umeingia. Shule nyingi hutuma matokeo kwa SMS, na SMS moja ina herufi 160: jina, masomo yaliyofupishwa, alama, wastani, nafasi, deni la michango. Imefika mapema kuliko mtoto na hakuna wa kuibadilisha njiani, jambo ambalo wazazi wanalipenda na mimi nalielewa. Mwalimu wa Morogoro amejibana humohumo. Shule yake ikituma alama kwa pamoja, yeye hufuatisha ujumbe wake mwenyewe kwa wale wachache ambao anahofia tarakimu zitawaletea balaa kabla ripoti haijafika. Vocha ni yake. Nilimwuliza kwa nini asisubiri karatasi. Akasema fimbo haisubiri.

Chini kabisa ya ripoti anazozitengeneza kuna mstari wa kukatia na kipande kidogo cha mzazi: nimeipokea ripoti, maoni yangu ni haya, sahihi. Shule nyingi zilikuwa nacho zikakiacha, kwa kuwa vingi vilirudi vitupu au havikurudi. Yeye alikirudisha na akakiongezea nukta, ili mzazi naye awe na mistari miwili kama yake. Vinavyorudi vina mwandiko wa kila namna, vingine vya mtoto akiwa ameandikishwa na bibi. “Tumeona. Asante mwalimu.” “Jumatatu atakuwa anakuja, kaka yake atakwenda mnadani.” “Macho tumepima, miwani tunaitafutia hela.” Siku ya kufungua shule anavipokea mlangoni, anavisoma vyote kabla ya kupanga madawati, na vile vyenye habari anavibandika kwa gundi kwenye nusu ukurasa wa mwenyewe, chini ya alichokiandika yeye muhula uliopita.